Kangaga Nyuma ya Mtungi

Jumatatu, 2 Septemba

Nimemwagilia kangaga kabla ya kuwasha jiko. Kikombe kimoja, polepole, pembeni mwa kopo, si juu ya majani. Maji ya mvua yameisha kwenye pipa, nimetumia ya bomba yaliyolala ndooni. Ya kisima siyagusi. Yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, sembuse kwa mmea wenye majani laini namna hii.

Upepo wa Ibadakuli mwezi huu hauna adabu. Vumbi linaingia mpaka kwenye cherehani. Nimelisogeza kopo ndani zaidi, kati ya mtungi wa maji ya kunywa na ukuta wa jikoni. Pale jua halifiki, mtungi unatoa jasho mchana kutwa, na ukuta umeota ukungu wa kijani. Watu wanaona uchafu. Mimi naona kwetu.

Mimi Mzinza. Kwetu kangaga zinaota zenyewe kwenye kingo za chemchemi, chini ya miti. Tulizikanyaga tukienda kuchota maji bila hata kuziangalia. Jina lenyewe nimelijulia huku kwenye ukame, kutoka kwa mwalimu mmoja wa baiolojia aliyeleta sketi kupunguzwa.

Wateja wakija kupimwa nguo wanauliza itatoa ua lini. Nawaambia haitoi ua na haitatoa. Wananipa pole.

Alhamisi, 5 Septemba

Masumbuko amepiga simu tena. Huyo ndiye aliyekuwa mwenzake mume wangu, Baba Kulwa, kwenye duara, shimo la dhahabu, kule Geita. Siku hizi anakaa Kagongwa, anauza mchele, lakini masikio kayaacha machimboni. Anasema kuna rashi mpya, dhahabu imeonekana, watu wanahamia na maturubai. Mume wangu amekwenda kuongea naye nyuma ya choo. Mwanaume akienda kuongea na simu nyuma ya choo, hapo hakuna habari njema.

Naogopa. Naliandika hivyohivyo.

Kinachonipa usingizi tangu mwaka jana ni huu mmea. Nilimlalamikia mume wangu kwa simu, yeye yuko Geita, kwamba nimechoka kuona rangi ya udongo tu. Kesho yake alikuwa wa kwanza kushuka shimoni. Karibu na mdomo wa duara, pale maji yanapochuruzika ukutani na mwanga unafika kidogo, akaiona kangaga imejishikiza kwenye ufa. Akasimama juu ya matimba, yale magogo yanayozuia kuta, akatoa tindo aibandue na udongo wake. Wenzake juu wakawa wanamcheka, ati anachuma mboga. Ndipo chini kote kukaporomoka. Wakamvuta kwa kamba, kajaa vumbi, kangaga mkononi.

Akaja nayo nyumbani ndani ya kofia ngumu yake. Baba yake alikuwa amekuja kutusalimia. Mume wangu akasema mbele yetu wote wawili: jani hili likiwa hai nyumbani kwangu, mimi shimoni sirudi. Nilisikia kwamba harudi. Mengine sikuyatilia maanani.

Duara lile lilishafukiwa. Kangaga nyingine ya pale haipo.

Jumapili, 8 Septemba

Baba mkwe yuko nasi tangu kiangazi kilipoanza. Magoti yamemshinda, ng'ombe wamebaki na wadogo zake Baba Kulwa kijijini, upande wa Tinde. Alikuja na kigoda chake, bomba la kunyunyizia dawa na chupa ya dawa ya kupe. Nilimuuliza mume wangu dawa ya kupe ni ya nini mjini. Akasema mwache mzee.

Basi nimemwacha. Namsalimia kwa magoti asubuhi, na neno kali kwake halipo, hata likinifika ulimini. Ndivyo ilivyo kwa mkwe, na mimi sioni vibaya. Yeye naye hanikosoi. Akiwa na la kusema juu yangu anauambia ukuta. Leo ameuambia ukuta wa jikoni kwamba siku hizi mlenda hauna chumvi. Nimesikia, nimeongeza chumvi, tumekula vizuri. Ukuta umebaki kimya.

Ananichosha na ninampenda. Siku nzima hana kazi. Anazunguka kiwanja chetu akikagua hiki na kile, anatafuta zizi ambalo halipo.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimerudi kutoka kununua uzi, nikafungua geti, nikasikia harufu ya josho la ng'ombe.

Kangaga imelowa chepechepe. Mzee amekaa kwenye kigoda chake, bomba miguuni, uso umenawiri. Sijamwona hivyo tangu aje. Na leo hakuuambia ukuta, ameniambia mimi mwenyewe, akiniita mama kwa lugha yao: "Mayu, huyu wako alikuwa na kupe. Tumbo zima. Nimemuogesha."

Chini ya majani ya kangaga kuna vidoti vya kahawia, vya mviringo, vimevimba, vimejipanga kwa mistari. Ndizo mbegu zake. Yule mwalimu alinieleza: ndani mna unga laini kuliko wa muhogo, ukipeperuka ukaangukia penye unyevu, unaota. Vidoti hivyo nilivisubiri tangu masika. Lakini mtu aliyeinua masikio ya ng'ombe maisha yake yote, akigeuza jani lile, ataona nini? Leo hata mimi nimeviangalia nikaona kupe.

Alikoroga dawa kali. Akafuta jani moja moja kwa kitambaa, juu na chini. Iliyobaki akaimimina kwenye udongo.

Nimepiga magoti nikamshukuru: wabeja, baba. Kisha nimeingia jikoni nikauma upindo wa khanga.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeiosha alipolala mchana. Nimeimwagia maji safi mpaka yakatoka chini hayana povu. Ncha za majani zimeanza kuwa nyeusi.

Nina hasira. Sina pa kuzipeleka isipokuwa hapa.

Alhamisi, 12 Septemba

Majani yote yamekufa. Ukiyagusa yanavunjika. Nimeyakata yote, nimekung'uta udongo wote wenye dawa nikaufukia mbali na nyumba, nimesuuza mizizi. Ule mzizi mnene, wenye manyoya kama mguu wa buibui, bado mgumu kidogo. Nimeupanda upya: majani yaliyooza, mchanga, vipande vya mkaa, matofali yaliyopondwa. Udongo wetu wa mbuga haufai, ukilowa unanata na ukikauka unapasuka. Juu nimefunika kwa chupa ya plastiki niliyoikata kitako, ishike unyevu.

Sasa ni kopo la udongo tu.

Jumamosi, 14 Septemba

Baba Kulwa ameona. Alikuja kuchota maji mtungini kama kawaida akitoka kwenye karakana ya baiskeli, akasimama na kikombe mkononi bila kunywa. Ameuliza imekuwaje. Mzee alikuwa hatua chache tu kwenye kigoda chake.

Ningesema nini? Niseme baba yako ameiua, mbele ya baba yake, wiki ya kwanza tangu aje ambayo anajiona ana faida? Nimesema sijui, labda upepo.

Ameitikia tu, basi. Hakunilaumu. Baadaye nimemwona anaishusha kofia ngumu kutoka kwenye msumari na kuipangusa vumbi.

Jumapili, 15 Septemba

Baba mkwe ameuambia ukuta kwamba kupe wale walikuwa wameshanyonya sana, dawa imechelewa. Laiti angekagua mapema. Amesikitika kweli, uji wake hakuumaliza.

Nimetaka kucheka na nimetaka kulia. Nimefua nguo.

Jumanne, 17 Septemba

Baba Kulwa anachaji taa ya kichwani. Begi limefungwa. Anasema anakwenda kuchungulia tu, kesho, Masumbuko anamsubiri Kagongwa, watatafuta gari la Geita pamoja.

Nimemwambia aliahidi. Akanijibu taratibu kwamba ahadi aliitimiza mpaka mwisho, jani limekufa lenyewe, yeye hakuligusa. Anaona ni ishara. Anasema amechoka kuziba pancha za watu.

Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Jambo liko hivi: nikinyamaza, anashuka shimoni. Nikisema, namvua nguo mzee wa watu mbele ya mwanawe, mimi mkwe. Na mzee mwenyewe hajui alichofanya. Yeye anadhani alichelewa tu.

Sijala.

Jumatano, 18 Septemba

Ameondoka asubuhi. Watoto wetu pacha wamempungia mkono, wakaenda shule wakiruka. Mzee amempa mkono. Ameichukua kofia, imening'inia nyuma ya begi kama sufuria.

Nikakaa kwenye cherehani nikashona mkono wa shati nje ndani. Nikafumua, nikaushona tena vilevile.

Ndipo nikainuka. Sikujua nitakachofanya mpaka nilipofika. Nimekwenda nyuma ya mtungi, baba mkwe kakaa palepale kwenye kigoda chake, nikampa mgongo. Nikauambia ukuta.

Nimeuambia: "Ukuta, vile vidoti havikuwa kupe. Ni mbegu za mmea ule, ndivyo ulivyoumbwa, unabeba watoto wake tumboni. Dawa ya ng'ombe ni kali kwake. Aliyemuogesha alimuogesha kwa upendo, na mimi sina kinyongo. Ila mwenye nyumba hii hajui. Anadhani mmea umekufa wenyewe, na ahadi yake imekufa nao. Sasa hivi yuko barabarani." Sikugeuka.

Kisha nikasikia kigoda kinasogea.

Baba mkwe hajawahi kupiga simu kwa hiari yake. Ameniomba nimtafutie namba. Ya mume wangu haikupatikana. Tukapiga kwa Masumbuko, akasema yuko naye hapo, wanangoja gari. Mzee akaishika simu mbali na uso na kupaza sauti kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mbuga:

"Mwanangu, jani halikufa lenyewe. Nimeliua mimi kwa dawa ya kupe. Kosa langu halivunji ahadi yako. Rudi."

Simu ikakatika. Hatujui kama alisikia yote. Tumepiga tena, zote mbili hazipatikani.

Mzee amekaa chini kabisa, si kwenye kigoda. Nimemletea maji ya mtungini. Amekunywa bila kuniangalia, nami sikumwangalia.

Alhamisi, 19 Septemba

Hakuna simu. Gari la Geita litakuwa limeshafika.

Nimeshona sare tano. Sikumbuki hata moja.

Ijumaa, 20 Septemba

Amerudi.

Amerudi! Mchana, nikiwa nakoroga ugali. Geti limelia, nimetoka na mwiko mkononi. Yeye, begi, kofia, na mfuko wa mchele wa Kagongwa begani. Nimesimama tu. Ugali umeungua, nao tumeula.

Anasema alisikia neno la mwisho tu, rudi, hayo mengine Masumbuko ndiye aliyemwelezea huku akicheka mpaka machozi. Gari lilipofika yeye hakupanda, lakini nyumbani nako akaona aibu kurudi siku ileile. Akalala kwa Masumbuko siku mbili, simu kaizima, na ya Masumbuko pia. Nilitaka kumpiga na mwiko.

Kisha akasema kitu ambacho nitakikumbuka. Alikuwa anaogopa tangu Tinde. Alikuwa anatamani mtu amzuie kwa sababu ya maana, na hakuna aliyemzuia. Mimi nilidhani namzuia kwa kumkumbusha ahadi.

Baba yake alimpokea begi. Mzee wa magoti yale, akainuka akampokea mwanawe begi.

Leo nitalala.

Jumapili, 22 Septemba

Asubuhi nimempigia mzee magoti kama kawaida. Ameitikia kama kawaida. Halafu ameuambia ukuta kwamba mkwe wake ana akili. Mlenda nao ameusifu.

Nimefika jikoni nikacheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Jumatatu, 30 Septemba

Kimetoka. Katikati ya ule mzizi wenye manyoya, kichwa kimoja cha kijani, kimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Ndivyo jani la kangaga linavyozaliwa, limekunjwa, linajifungua taratibu kuanzia chini.

Sikumwita mtu. Nimekiangalia peke yangu kwanza. Kisha nimewaita wote.

Baba mkwe ameweka mikono nyuma ya mgongo, asiguse.

Jumapili, 13 Oktoba

Kuna zaidi. Nilikuwa nausugua mtungi kwa nje, nikasita. Upande wa ukutani, pale unapotoa jasho, kuna vitu vya kijani, bapa, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, umbo la kopa ya karata. Vimejibandika kwenye udongo wa mtungi. Vingine viko ukutani. Nikadhani ukungu, nikaweka brashi karibu kabisa.

Nimevipiga picha nikamtumia yule mwalimu. Amejibu nisiguse. Ndizo kangaga changa kabisa, hatua ya kwanza, kabla hazijawa na majani. Unga ulikuwa umeshapeperuka wakati mzee anakoroga dawa yake. Alipokuwa anaua mmoja, watoto wake walikuwa wamelala mtungini, nyuma ya mgongo wake.

Baba Kulwa alivaa taa yake ya kichwani avione vizuri. Amepiga magoti pale chini muda mrefu na ile taa, akihesabu, akikosea, akianza upya. Mtungi hautasuguliwa tena upande ule. Nimetangaza.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Pipa limejaa. Harufu ya vumbi lililolowa, naipenda kuliko marashi.

Vitoto vingine vimeshatoa kijani cha kwanza, kama uzi. Nimeuliza tutavihamishia wapi vikikua, makopo yamekwisha. Baba Kulwa akaingia ndani akatoka na kofia ngumu. Nikasema haitafaa, haina pa kutolea maji, mizizi itaoza. Akachoma msumari kwenye jiko mpaka ukawa mwekundu, akaupitisha kwenye utosi wa kofia. Akarudia, na akarudia tena. Plastiki ilinuka uwani kote.

Kofia yenye matundu haizuii jiwe. Yeye anajua kuliko mimi.

Nimeijaza mchanga, mkaa na majani yaliyooza. Nimeining'iniza kwa waya juu ya mtungi, kivulini. Nilikuwa na furaha na sikutaka kuonekana, nikasema imekaa upande.

Mzee naye amepata kazi. Watu wa mtaa wa nyuma wana ng'ombe wa maziwa, wamesikia ana mkono mzuri. Yeye anakaa kwenye kigoda na kuelekeza, Baba Kulwa anabeba bomba. Jumamosi wanazunguka nyumba hadi nyumba. Wakirudi wote wawili wananuka josho, na harufu hiyo sasa hainisumbui. Wananawa getini kabla ya kuusogelea mtungi. Hiyo sikuiagiza mimi.

Jumapili, 16 Februari

Siku tulivu. Pacha wako kwa jirani wanasukana. Baba Kulwa amelala kwenye mkeka, redio tumboni. Masumbuko alipiga asubuhi, wakaongea bei ya mchele, hapahapa barazani, mbele yangu.

Kangaga ya zamani imejaa kopo. Za kwenye kofia bado ndogo, zinaning'inia juu ya mtungi, kila moja na majani mawili matatu. Nimemwagilia zote kwa maji ya mvua. Nilikuwa nakata mboga kivulini niliposikia kigoda kinasogea kuelekea mtungini. Baba mkwe aliinama, akageuza jani moja la ile kubwa kwa ncha ya kidole, akalitazama chini kwa muda. Akalirudisha taratibu.

Kisha akauambia ukuta, "Kupe wamerudi."

Nikauambia ukuta huohuo ahsante kwa taarifa, na kwamba mwaka huu haogeshwi mtu. Nikasikia mzee anacheka kwa pua.

Nikaendelea na mboga.